Fundi wa Malindi kaniharibia santuri za marehemu baba. Transfoma haibadilishi hezi!

Wadau, salaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna duka la vyombo vya muziki Malindi linalojinadi kwamba lina mabingwa wa pleya za santuri. Liliniuzia pleya iliyotoka Marekani, kisha likanitoza Sh45,000 nyingine za "kupima na kusawazisha". Fundi akaja mpaka Lamu, nauli na boti ya Mokowe juu yangu, chakula juu yangu. Alifungua mkoba wake: bisibisi, koleo, tepu ya umeme. Basi. Mizani hana. Karatasi ya kupangia katriji, yaani kile kichwa kinachoshika sindano, hana. Bingwa huyo.

Nianze na spidi, kwa sababu hapo ndipo waliponidharau kabisa. Mgongoni mwa pleya pameandikwa volti 120, hezi 60; hezi ni idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde. Stima yetu Kenya ni volti 240, hezi 50. Wakanipa transfoma wakasema mambo yamekwisha. Hayajaisha! Transfoma inashusha volti tu. Hezi zinaingia 50 na zinatoka 50 vilevile, na mota ya pleya hii hufuata hezi, haifuati volti. Kwa hiyo sahani ya pleya inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya 28. Santuri ndogo za spidi ya 45, ambazo ndizo nyingi katika taarabu zetu, zinakwenda 37 na nusu.

Nilipomwambia muziki unaburuta, unajua alinijibu nini? "Mzee, hiyo ndiyo sauti ya analogi, ni nzito. Wewe umezoea ya simu." Mimi nimelelewa na santuri hizi! Udi wa Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Lamu hii hii, naujua ulivyo. Sauti imeshuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Mpwa wangu apigaye udi alijaribu kuufuata wimbo ikabidi alegeze nyuzi zote. Waimbaji wanawake wamekuwa na sauti za wanaume. Halafu mtu aniambie ndiyo analogi?

Yeyote mwenye pleya nyumbani ajipimie, hahitaji chombo. Bandika kipande cha tepu ukingoni mwa sahani, washa spidi ya 33, shika saa, hesabu. Kwa dakika 3 lazima upate mizunguko 100. Yangu inatoa 83. Dawa yake inajulikana: puli ya hezi 50, yaani kile kigurudumu cha mota kinachozungusha sahani, ambayo ni pana kuliko ya hezi 60, au kifaa cha kutengeneza hezi 60. Kubadilisha puli ni kazi ya dakika chache. Duka linalouza pleya za Marekani hapa pwani halina puli hata moja, na halikuniambia kitu kabla ya kupokea pesa.

Sasa uzito wa sindano. Katriji ni Ortofon 2M Red, na kiwanda kinasema gramu 1.8. Fundi aliinua mkono wa pleya kwa kidole, akautikisatikisa, akasema "hapa sawa". Niliagiza mizani ndogo ya sindano, na ilipofika nikapima: karibu gramu 4! Zaidi ya mara mbili. Sindano imebonyea hadi tumbo la katriji linakaribia kugusa santuri. Na uzito huo umekuwa ukipita juu ya santuri za lebo ya Mzuri kutoka Mombasa alizozitunza baba tangu ujana wake, kila moja ndani ya bahasha yake. Mifuo, ile mistari inayopitiwa na sindano, ikishalika hairudi. Hakuna fundi, hakuna sabuni, hakuna mashine ya kuirudisha. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Katriji yenyewe kaifunga kwa macho. Kuna karatasi ya kupimia, unaichapisha bure, ina alama mbili ambapo katriji lazima ikae sambamba na mfuo: kwa mpangilio mmoja unaotumika sana ni milimita 66 na karibu 121 kutoka katikati. Ukikosea hapo, mwanzo wa santuri unaweza kupita salama, lakini kadiri sindano inavyokaribia katikati kila "s" na "sh" inakuwa mchanga. Na kwetu ubeti wa mwisho ndio wenye tamati, ndipo mshairi anapofunga neno lake. Kwangu ubeti wa mwisho hausikiki tena.

Santuri za kale za spidi ya 78 akazijaribu kwa sindano hiyo hiyo! Zile mifuo yake ni mipana, zinataka sindano yenye ncha pana, ya mikroni 70 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ya kawaida inazama chini ya mfuo na kukwaruza. Nilimzuia mwenyewe.

Halafu kaiweka pleya ghorofani, meza moja na spika. Nyumba zetu sakafu ni chokaa juu ya boriti za mikoko. Mtoto akipita, sindano inaruka. Ukiongeza sauti, spika zinatikisa meza na pleya inaanza kunguruma. Nina kuta za mawe ya matumbawe nene ajabu, rafu moja iliyofungwa ukutani ingemaliza tatizo. Hakuziangalia hata.

Nilipopiga simu dukani nikaambiwa santuri zangu ni mbovu na chumvi ya Lamu imeingia kwenye vyombo. Chumvi inakula waya na viungio, kweli, kila mtu wa pwani anajua. Lakini chumvi haipunguzi mizunguko ya sahani kutoka 100 hadi 83 sawasawa, wala haiongezi gramu kwenye sindano. Msitutukane kwa kuwa tunaishi kisiwani.

Ninachotaka ni hiki: Sh45,000 zangu zirudi, puli ya hezi 50 kwa gharama yao, na sindano mpya, kwa sababu hii siiamini tena. Risiti ninayo, picha ya mizani ninayo, video ya kuhesabu mizunguko ninayo. Nitaziweka hapa chini.

Na nyinyi wa Malindi, Kilifi na Mombasa, kama kuna fundi mnayemjua ambaye anakuja na mizani na karatasi ya kupimia, niandikieni faragha. Nauli ya boti nitalipa. Kabla hajagusa chochote ataniwekea mizani mezani niione.