Tupeane uzoefu: gari la familia la dizeli, mtumba, hapa Dar linalipa au linatumaliza?

Baba wa Goba

Wakuu habari za majukumu. Naomba waje walioshika dizeli wenyewe, yani wewe ndo umeijaza wese, wewe ndo umemlipa fundi, umekaa nayo foleni ya Mwenge jua la saa nane, sio shemeji yako ana rafiki yake anayo. Mi na mama watoto tuna watatu, na bibi yao tukienda Tanga haachwi, natafuta gari iliyoinuka kidogo maana barabara ya kwetu mvua ikinyesha ni mtihani. Nimeona yadi Mazda CX-5 za dizeli za 2013 na 2014 zinauzwa chini ya zile za petroli za mwaka uleule na hapo ndo sielewi, maana injini ni ya lita 2.2, ushuru wa bidhaa inaangukia asilimia 10 wakati ile ya petroli ya lita 2.0 inakula 5, na zote zimevuka miaka 10 kwa hiyo ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 uko palepale. Sasa hiyo bei ndogo imetoka wapi? Dalali nikimuuliza anacheka tu, eti bahati yako mkuu. Karibuni, matusi tuweke pembeni.

Sinza Mori

Ninayo ya 2013. Safari ndefu aisee hii gari ni raha, inavuta toka chini kabisa kwenye rpm 2,000 (kasi ya injini kuzunguka kwa dakika), lori la mchanga unalipita bila kupiga dua, na Moshi nafika tanki halijaisha.

Mjini sasa. Mke wangu ndo anapeleka watoto shule Mikocheni na kurudi, injini haijapata moto vizuri kashazima. Humo kwenye ekzosi kuna DPF, chujio la masizi, likijaa gari inamwaga dizeli ya ziada ili joto lipande yale masizi yaungue. Utajua inafanya hivyo ukisimama taa nyekundu, rpm imepanda yenyewe, feni inalia, harufu ya kuungua inaingia ndani. Wewe umeshafika, unazima. Kesho inaanza upya, na kila ikianza kuna dizeli kidogo inateremka kwenye oili. Asubuhi moja navuta kijiti cha oili hapo getini nakuta imepita alama ya juu inaitafuta ile X, vijiti vya hizi gari vina X kabisa imechorwa juu ya FULL. Kaka yangu yupo pembeni anasema si afadhali imezidi kuliko kupungua. Nikaipaka vidoleni, nyepesi, na inanuka sheli tupu.

Oili ikishakuwa hivyo tabo (ile inayosukuma hewa kwenye injini) na shafti zinasagika kimyakimya. Sa hivi mimi oili nabadilisha kila kilomita 5,000, ya daraja la DL-1 au C3, ile ya kupimiwa kwenye pipa sahau. Na Jumapili tukitoka kanisani tunainyoosha barabara ya Bagamoyo, rpm juu ya elfu mbili mpaka ile harufu iishe, watoto wanakula ngisi pale mjini tunarudi. Ukipiga hesabu ya hiyo mizunguko na hiyo oili, akiba ya mafuta imebaki kiduchu. Siiuzi lakini.

Mama Mapacha

Mimi ni Prado 120, ile yenye injini ya dizeli ya 1KD, 3.0 D4D, mume wangu aliipata kwenye tenda, ilikuwa ya mradi huko mikoani. Nje kama mpya. Asubuhi ukipiga starti inagonga mpaka jirani anafungua dirisha, ikishapata moto inatulia. Fundi wetu wa siku zote akasema dada dizeli ndo zilivyo, zinaongea. Nikakaa na hilo jibu muda mrefu lakini haliniingii, maana kazini kuna nyingine hiyohiyo na hailii hivyo.

Nikaipeleka kwa wale wanaoshughulika na pampu na nozeli tu, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Kijana mdogo hata ndevu hana, akafungua kava la juu akaniita nione: kuzunguka nozeli mbili kumejaa utando mweusi mgumu. Akasema zile washa, pete za shaba za kuziba chini ya nozeli, zimeanza kuvujisha, moto wa silinda unapita unaingia kwenye oili, oili inageuka lami. Akasema tusiishie hapo, tushushe sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Wakashusha. Ile chekecheke ambayo pampu inavutia oili ilikuwa imeshikwa na kitu kama ukoko wa ugali, nusu yake imeziba kabisa. Injini ilikuwa inakunywa oili kwa shida na taa ya oili kwenye dashibodi haijawahi kuwaka hata kidogo!

Tulilipa jamani, sitaki hata kukumbuka. Nozeli mpya kila moja ina namba zake juu ambazo fundi anaziingiza kwenye kompyuta ya gari, ukiona kafunga tu kafunika boneti anadai hela, muulize namba kaziingiza saa ngapi. Baada ya hapo gari imetulia, Mbeya tunaenda na kurudi. Ila kila ikifika muda wa sevisi naomba washa ziangaliwe na fundi wa zamani akiniona ananuna.

Babu Noah

Nyie mnaongelea kompyuta. Mie nililea familia na Noah ya injini ya 3C, dizeli ya 2.2 yenye tabo, imebeba watoto imebeba mpunga wa Ifakara imebeba msiba. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, joto. Ikichemsha mara moja tu silinda hedi inapasuka, na hapo ndo utawajua mafundi. Dalili ilikuwa hii, kulanti, maji ya kupoza injini, inapungua na chini hakuna tone, ukifungua rejeta asubuhi gari ikiwa ya baridi ukawasha unaona vipovu vinapanda vyenyewe. Hedi ya kwanza nimenunua Ilala, ya gari lililochinjwa spea, kumbe nayo ilishapasuka ikachomelewa ikapigwa rangi ya silva ikapendeza. Ya pili nilikataa kulipa mpaka ipimwe kwa presha nikiwa nimesimama pale. Wakanuna wakapima.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Goba, mwenye gari akikwambia mie hii naweka maji ya bomba tu na haijawahi kunisumbua, muage vizuri uondoke.

Spana Gerezani

Mimi ni fundi, niseme ninachokiona mezani kwangu. Japani dizeli yao ina salfa isiyozidi 10 ppm (sehemu kwa milioni) na hizi gari zimeundwa kwa hiyo. Sisi Afrika Mashariki tulishuka kwenye 50 ppm mwaka 2015, ni hatua kubwa maana huko nyuma ilikuwa balaa, lakini hata hiyo 50 ni mara tano ya kwao. Juu ya hapo weka foleni ya Mandela. Injini za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser hazina habari na hayo yote, unaiwekea dizeli inaenda, ila nayo inakunywa na bei yake mnaijua.

Watu wanakuja wanasema fundi toboa hiyo DPF nipumzike. Inatobolewa ndiyo, lakini ukitoboa bila kuibadilisha programu ya kompyuta gari itaendelea kudhani chujio lipo na taa haitazimika, na ukishatoboa moshi wote unamwachia mwenye bodaboda aliye nyuma yako. Mi sifanyi, wapo wanaofanya. Ninachofanya mimi ni kufungua manifoldi ya kuingizia hewa na EGR, ile inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, kukwangua masizi, kuna CX-5 nimefungua njia ya hewa imebaki tundu la kupitisha kidole gumba, mwenye gari anasema haina nguvu kumbe haipumui.

Na kwa wa Prado, kuna ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Inazimwa kwa vitufe tu, beliti ya taimingi haijaguswa. Muuzaji akisema beliti mpya, kava lifunguliwe uione kwa macho.

Kibaha Maili Moja

Mi injini haina tatizo, tatizo lilikuwa pistoli ya kujazia mafuta. Sheli moja njiani usiku, nimesema dizeli nikaendelea kuongea na simu, dada wa pampu kaweka petroli. Mdomo wa pistoli ya petroli ni mwembamba unaingia kwenye tanki la dizeli bila kelele, kinyume chake ndo hugoma. Aliyeniokoa ni mwanangu wa darasa la nne kasoma risiti, "baba mbona wameandika petroli?" Sikuzungusha hata ufunguo. Tukaisukuma pembeni, tanki likashushwa palepale sheli kwa gharama yao baada ya mabishano marefu na meneja. Ningewasha, petroli haina ule ulaini wa dizeli, pampu ya presha inajikwangua vyuma vinakwenda mpaka kwenye nozeli, na hapo unabadilisha mfumo mzima.

Kigamboni Ng'ambo

Niliuza yangu, X-Trail ya dizeli, nimerudi petroli na nalala usingizi. Watu wanaingia dizeli kwa kudhani bei ya lita ni ndogo. EWURA, wasimamizi wa nishati, wanatangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zifuatilie uone, kuna miezi dizeli imekaa juu ya petroli. Faida iko kwenye ulaji, na ulaji unauona kama unatembea. Mi natoka Kigamboni naenda Kurasini, gari inakaa kwenye foleni kuliko inavyotembea. Kufanya nini na dizeli?

Sinza Mori

@Kigamboni hapo nakubali kwa shingo upande. Ila wengine tuna wazazi Kilimanjaro.

Mama Mapacha

Baba wa Goba samahani, nyie wawili, watoto watatu, bibi. Hao ni sita. CX-5 ina siti tano kaka angu, bibi anakaa wapi mpaka Tanga?

Baba wa Goba

😂😂😂 Dada umeniua. Mama watoto kasoma hii kasema yeye alishasema tangu mwezi uliopita. Basi CX-5 tuiache, je Mitsubishi Delica D:5 ya dizeli kuna mtu anayo? Matumizi yangu ni hivi, kazini naenda Tegeta kila siku, shule ya watoto iko karibu wanaenda na basi lao, Tanga kila mwisho wa mwezi.

Spana Gerezani

Delica ya dizeli ilianza 2013, injini 4N14 ya 2.2, siti saba au nane. DPF nayo inayo, tena ya 2019 kuja juu inataka na maji ya AdBlue ya kusafishia moshi, hiyo usiiguse kama hujajua utakuwa unayanunua wapi. Kwa matumizi yako Tanga kila mwezi inaisaidia kujisafisha, Goba kwenda Tegeta ndo inajaza. Spea zake si nyingi kama za Prado, filta utapata, ukifika kwenye sensa na nozeli jiandae kuagiza na kusubiri. Ukienda kuiona nenda alfajiri, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, shika boneti kwa mkono kama ni ya baridi kweli ndo apige starti. Vuta kijiti cha oili kabla na baada. Kisha mwambie muitoe mpaka Bunju, na kompyuta ya kusomea iwe imechomekwa muda wote, fundi asome masizi yamejaa asilimia ngapi wakati mnaondoka na wakati mnarudi.

Babu Noah

Na rejeta msisahau.