Mchango wa kalavati umeitishwa mara ya pili, ilhali mapato na matumizi ya awali hayajasomwa: tufuate utaratibu gani?

Mkazi wa Bondeni

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaishi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Pwani, pembezoni mwa Dar es Salaam, mahali ambapo mashamba ya mikorosho yanazidi kugeuka viwanja na kila mwezi familia mpya zinahamia. Kati ya vitongoji vyetu viwili kuna kijito ambacho watoto hukivuka kila siku wakienda shule. Wakati wa masika kivuko cha magogo ya minazi kilisombwa na maji, nasi tukakubaliana katika mkutano kwamba kila kaya ichangie shilingi 10,000 ili tununue mabomba ya zege, saruji na kokoto za kujengea kalavati, yaani njia ya kupitisha maji chini ya barabara. Nilitoa mchango wangu kwa moyo mmoja, na nikajitolea siku mbili za kuchimba msingi.

Tangu wakati huo mkutano mkuu wa kijiji haujaitishwa, msingi umefukiwa na mchanga, na wiki iliyopita mwenyekiti wa kitongoji amepita nyumba kwa nyumba akiomba mchango wa pili. Simtuhumu mtu yeyote, kwa sababu huenda bei za vifaa zimepanda au fedha ziko salama benki. Ninachotaka ni kusomewa hesabu kabla ya kutoa tena. Je, mkazi wa kawaida ana haki gani, na aanzie wapi bila kuwagawa majirani?

Mtendaji Mstaafu

Ndugu yangu, swali lako lina majibu ndani ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982. Chombo chenye kauli ya mwisho juu ya sera za kijiji ni mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, awe amezaliwa hapo au amehamia mwaka jana. Mkutano huo hupaswa kukutana angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Kwa hiyo unapodai kusomewa hesabu huombi fadhila.

Andikeni barua fupi ya heshima kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata, mkiomba mkutano uitishwe na ajenda ya hesabu za kalavati iwekwe. Watie saini watu wa vitongoji vyote viwili, na nakala mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Nimekaa ofisini miaka mingi, na nimeona malalamiko mengi ya kweli yakififia kwa sababu yalisemwa barazani tu, hayakuacha karatasi nyuma. Mkutano ukifanyika, hakikisheni kiasi kilichokusanywa, kilichotumika na kilichobaki vimeandikwa kwenye muhtasari kwa tarakimu, maana siku mtakapoomba msaada wa halmashauri ya wilaya, kitu cha kwanza mtakachoulizwa ni huo muhtasari.

Kuhusu mchango wenyewe: mtu hawezi kutozwa faini kwa kutochangia ikiwa hakuna sheria ndogo iliyojadiliwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Mama wa Meru

Shikamoo Mzee Mtendaji, na pole Mkazi wa Bondeni. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Arumeru, na ningependa kuongeza jambo ambalo lilitugharimu. Sisi fedha zetu zilisomwa vizuri, kila risiti ilikuwepo, lakini tuliweka mabomba membamba kwa sababu ndiyo tuliyoweza kununua. Mvua ya kwanza kubwa ilileta matawi na majani ya migomba, mabomba yakaziba, maji yakatafuta njia pembeni na kuikata barabara pande zote mbili, hata bodaboda zikashindwa kupita. Kazi ya wananchi wa vitongoji vitatu iliondoka usiku mmoja, na ukiniuliza leo bado inaniuma.

Kabla ya kununua kitu kingine, ulizeni kama barabara hiyo imo katika mtandao wa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Ikiwa imo, kijiji hakipaswi kujenga bila kuwashirikisha. Hata kama haimo, ombeni kupitia mtendaji wa kata fundi aje apime upana wa kijito na alama za juu kabisa ambazo maji yalifika. Pia mfikirie kuta za zege za kuelekeza maji mdomoni mwa kalavati, kwani wengi huziacha wakidhani ni mapambo.

Mwenye Kiwanja

Nakubaliana na wote, ila nina ombi kwa sisi tuliohamia. Wengi wetu tunanunua kiwanja, tunajenga ukuta, tunaondoka alfajiri kwenda mjini na kurudi usiku, na mkutano unapoitishwa tunawaachia wenyeji. Halafu tunashangaa eneo lililokusudiwa kuwa la zahanati limekatwa viwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, lakini idhini hiyo hutolewa na waliohudhuria. Ombeni mkutano uwe Jumapili alasiri.

Mkazi wa Bondeni

Nawashukuru sana. Jana jioni tulikaa watu 9, wenyeji na wahamiaji, tukaandika barua, na leo asubuhi imepokelewa na kugongwa muhuri. Mwenyekiti wa kijiji ametupokea vizuri na kusema daftari la michango analo mtunza hazina. Mchango wa pili tumekubaliana kutoutoa hadi hesabu zisomwe na fundi apime, ila Jumamosi tutakwenda na majembe kuondoa mchanga kwenye msingi na kuwatengenezea watoto kivuko cha muda. Mama wa Meru, alama za maji tumeziona kwenye mti wa mwembe ulio kando ya kijito. Ziko juu kuliko kimo cha msingi tuliouchimba.