Forester haijai mafuta, pampu ya sheli inajikata kila saa

Mkazi wa Goba:
Wakuu habari za jioni. Nina Forester SG5, tenki lita 60, sasa kila nikienda sheli ni mateso. Mhudumu anabana inaingia kidogo tu, tak, imekata, anabana tena, tak, mafuta yanabubujika yanarudi mpaka mdomoni na mara nyingine yanamwagikia bodi wakati geji bado iko robo. Nimehama sheli, Mwenge, Tegeta, mpaka Mbagala, ni yale yale. Akishika taratibu saaana inaingia ila foleni nyuma wanapiga honi mpaka unaona aibu. Fundi mmoja anasema pampu ya ndani ya tenki imekufa, mwingine anataka kushusha tenki alichome maana eti kuna sehemu limebonyea. Gari linatembea fresh, halimisi, taa ya cheki enjini haijawaka. Mwenye uelewa anisaidie kabla sijatoa hela, natanguliza shukrani.

Fundi Gerezani:
Boss hela ya pampu baki nayo. Ile pampu kazi yake kusukuma mafuta yaende injini, haihusiki kabisa na yanayoingia, na ingekufa gari lisingewaka. Shida yako ni hewa. Zikiingia lita 40 za mafuta lazima lita 40 za hewa zipate pa kutokea. Ushawahi kujaza dumu kwa faneli iliyobana mdomo? Mafuta yanasimama juu hayashuki mpaka uinyanyue faneli kidogo, ndo kinachotokea kwako. Halafu ile nozeli ya sheli kwenye ncha ina katundu kadogo, mafuta yakikaziba tu inajikata, yenyewe haijui kama tenki limejaa au yamerudi juu tu. Kwa hiyo sheli hazina kosa. Niambie, ulipita kwenye maji siku za karibuni?

Mkazi wa Goba:
Ndio kaka, masika nilipita Jangwani maji yamefika usawa wa mlango. Shida imeanza baada ya pale.

Dada wa Tabata:
Mimi X-Trail yangu ilikuwa hivi hivi, nilikuwa namwambia mhudumu aigeuze nozeli iangalie juu na aivute nje kidogo, inapokea. Inakusogeza tu lakini haiponyi. Ila kaka nakuomba, tenki lisichomwe! Tenki lililokaa mafuta hata likiwa kavu mvuke unabaki ndani, cheche moja tu ni mlipuko, hapo gereji kuna watoto wa watu wanajifunza kazi.

Fundi Gerezani:
Dada umenena. Sasa boss fanya hivi. Toa tairi la nyuma upande wa mdomo wa mafuta, fungua na ile plastiki ya ndani ya madigadi. Utaona bomba la mafuta linashuka, na pembeni yake mpira mwembamba, huo ndio wa kutolea hewa. Angalia haujajikunja wala kupasuka. Hapo hapo likague bomba la chuma, Subaru tope linaganda nyuma ya hiyo plastiki, chuma kinaoza kimya kimya hasa kwa sisi wa pwani. Ukimaliza fuata njia ya hewa mpaka kwenye kenista, lile boksi la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, na valvu yake. Maji ya tope yakiingia humo hewa haipiti tena. Mpira uchomoe pande zote mbili ndo upulize, usielekeze upepo wa kompresa kwenye tenki. Na usivute sigara hapo.

Mdau wa Kigamboni:
Naongezea, hata wadudu wanaziba. Mwaka 2011 Mazda waliziita gereji Mazda6 kama 65,000 za Amerika Kaskazini kwa sababu buibui walikuwa wanajenga utando kwenye mpira wa hewa wa tenki. Kama gari lako lililala muda mrefu chini ya mti angalia na hilo.

Mkazi wa Goba:
Wakuu Mungu awabariki. Mpira mwembamba ulikuwa na tope limekauka gumu, fundi kalitoa kwa waya vipande vipande, bomba lina kutu ya juu juu tu. Leo nimeweka lita 45 nozeli imebanwa mpaka mwisho haijakata hata mara moja. Ila kenista ni nzito na inanuka petroli mbichi, nibadilishe?

Fundi Gerezani:
Badilisha, hiyo mkaa wake umelowa. Maji au mafuta yote yanaiua, ndo maana nozeli ikishakata usimwambie mhudumu aongeze ifike elfu themanini kamili, yale ya juu ndo yanakimbilia huko. Used zipo Ilala. Kabla hujalipa itikise, ukisikia mkaa unacheza ndani mrudishie mwenyewe, na valvu yake ijaribu kwa betri, ukiunganisha lazima igonge tak.