Kuahirisha mambo: ni uvivu au kuna kitu nyuma yake? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda huu. Mie ni fundi cherehani, niko Morogoro, nimeleta hii mada maana inaniuma, mteja akiambiwa "njoo kesho" moja kwa moja anasema fundi mvivu. Jamani mafundi wengi ninaowajua hawalali, ikikaribia Idd mtu yuko kwenye mashine mpaka usiku wa manane na nguo za watu bado. Shida inaanzia kwenye advansi, kodi ya fremu inadaiwa, mteja huyo kaja na hela mkononi unapokea, anakuja mwingine unapokea, ile hela ya kitambaa ambacho hata hujakigusa ushalipia kodi, sasa wa tatu utamkataaje?

Mama aliyenifundisha kazi watu walimwona mzembe kwa sababu kuna siku hashoni kabisa. Kumbe hiyo ni siku ya kukata tu, anakata vitambaa vyote, anavipanga kwa rangi ya uzi, za uzi mweusi zinashonwa zote ndo anabadilisha uzi, halafu zinaenda ovaloki kwa pamoja, vifungo mwisho. Na daftari likijaa anakwambia mwanangu wiki hii sipokei, hata ukimwekea hela mezani. Nguo zake zilitoka siku aliyosema. Ninavyofanya kazi leo ni vilevile. Kwenye kazi zenu ikoje?

Wa Newala
Mkuu umegusa penyewe. Kwetu kwenye korosho kuna kusubiri ambako mgeni atadhani ni uvivu. Salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, ukipuliza maua hayajaanza kuchomoza umemaliza dawa bure, ukichelewa nako ugonjwa ushakamata maua na korosho hupati. Baba alikuwa anazunguka shambani kila asubuhi anaangalia tu, wapita njia wanauliza huyu mzee mbona haanzi? Siku akiona maua yametoka tunaamshwa alfajiri, upepo haujaanza na umande uko kwenye majani, unga unashika vizuri. Ila kusafisha shamba alishamaliza zamani, hapo hakuna cha kusubiri.

Wa Nakuru
Mimi niko na saiba, duka la kompyuta na intaneti. Ritani za KRA, ile taarifa ya mapato ya mwaka kwa watu wa kodi, unaweza faili kuanzia Januari mpaka 30 Juni, na mtu hana kazi ni nil tu, yaani hana mapato, dakika chache amemaliza, lakini anakuja siku ya mwisho jioni sistimu imelemewa na faini ni shilingi 2,000. Nikiwauliza, wengi walikwama kwa paswadi, na imeili ya kuirudisha pia wamesahau, basi wakaogopa kuguza. Siku hizi nawaambia mapema, kuja turudishe paswadi pekee yake, mambo ya ritani achana nayo kwanza. Wengi hufaili hapohapo.

Wa Dar
Mnakumbuka kusajili laini kwa alama za vidole? Mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019 ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na kila mtu anasema Watanzania tunapenda dakika za mwisho. Hiyo kauli inanikera mpaka leo. Kwenye foleni ya namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa ambayo bila hiyo husajili laini, nilikaa na vibarua wa zege, siku wakiwa foleni ndo siku nyumbani hakuliwi, sasa wangeenda mapema kwa hela ya nani? Laini ilipokaribia kufungwa ndo ikabidi wapoteze hiyo siku, bila simu hata kibarua huitwi.

Halafu angalia kodi ya jengo. Zamani foleni mwishoni mpaka barabarani, tangu 2021 inakatwa kidogokidogo ukinunua umeme wa LUKU, nani tena anaichelewesha? Na watu ni walewale.

Fundi wa Moro
Wa Dar hapo kwa vibarua nimekuelewa sana. Seremala na watu wa welding mko kimya, advansi za watu nyie mnazifanyaje?