Tunahamia Usa River kutoka Mombasa na watoto wadogo, maji ya kule nifanyeje?

MamaWawili_Kisauni
Assalam aleikum wapendwa, naomba msaada wenu haswa mnaoishi Arusha. Mume wangu kapata kazi shamba la maua Usa River na mwezi ujao inshallah twahamia sote, nina mtoto wa miaka 4 na mwengine miezi 7. Wiki jana tulikwenda kuangalia nyumba, pahali pazuri, maji yatoka bombani meupe pe na ukiyaonja ni matamu kuliko haya yetu ya kisima ya chumvi. Sasa watoto wa mwenye nyumba wakaja kutuamkia, yule mkubwa wa kama miaka 10 akacheka nikaona meno ya mbele yana madoa ya kahawia, mdogo wake vilevile. Nikaona haya kuuliza. Usiku mume akanambia ndio maji ya huku hayo, wenyeji washazoea. Tangu hapo sina usingizi. Mie nilipanga kuchemsha tu kama nifanyavyo hapa, je yatosha? Na huyu mdogo ndio kwanza naanza kumpa uji. Tafadhali msinambie tusihame, kazi tushaikubali.

Mtoto_wa_Tengeru
Karibu sana dada. Mimi nimezaliwa huku na meno yangu ni hayohayo uliyoyaona, sekondari yote nilikuwa nacheka nimeziba mdomo, na watu wa mikoa mingine wanadhani hatupigi mswaki, inauma sana. Hayatoki hata usugue vipi, doa limeingia wakati jino linajitengeneza ndani ya fizi. Ni floraidi hiyo, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Haina rangi wala harufu ndo maana uliona maji masafi. Sasa nisikilize, usichemshe ukadhani umemaliza!! Kuchemsha kunaua vijidudu na uendelee kuchemsha, ila floraidi haipungui, mvuke unaondoka yenyewe inabaki sufuriani, ukichemsha muda mrefu inazidi kukolea. Na vile vichujio vya kauri vya dukani navyo haviitoi.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu usiogope ila uanze na huyo mdogo. Meno ya kudumu ya mbele yanajengeka mtoto angali ananyonya, miaka mitatu ya kwanza ndo ya kuangalia zaidi, halafu uendelee kuwa makini mpaka kwenye miaka 8 hivi. Maziwa yako yana floraidi kidogo mno hata kama wewe unakunywa hayo maji, kwahiyo nyonyesha tu usiache. Kwenye uji ndo watu wanakosea, unakuta mama ananunulia watoto maji ya kunywa ya chupa lakini uji, chai na maharage anapikia ya bomba, na uji ni maji matupu. Halafu magadi. Huku makande na maharage yanawekwa magadi yaive haraka, na magadi yenyewe yana floraidi nyingi, wewe loweka maharage usiku kucha utaona yanaiva bila magadi. Dawa ya mswaki nayo huwa na floraidi, weka kiasi cha punje ya mchele kwa mdogo jino likishatoka, na njegere kwa wa miaka 4, na huyo mkubwa umsimamie ateme.

Fundi_Gata_AR
Habari dada, kabla hujalipa kodi chukua maji ya hiyo nyumba kwenye chupa safi upeleke maabara ya maji ya serikali hapa Arusha wakupimie floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, zamani Tanzania tulikuwa tunaruhusu hadi 4 kwasababu ya ukanda huu. Usikisie kwa jirani, chanzo kimoja na kingine vinatofautiana sana hata vikiwa karibu. Ikizidi, mimi ningeanza na maji ya mvua, floraidi yake ni kidogo mno, funga gata na simtanki, mvua za kwanza acha zioshe bati ndo uanze kukinga, na ya kunywa uchemshe. Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, Wizara ya Maji wana kituo Ngurdoto hapohapo karibu na Usa wamelifanyia kazi miaka mingi. Mkaa uwe umechomwa vizuri la sivyo maji yananuka, na ukishachoka lazima ubadilishwe, watu wengi wanasahau hapo.

MamaWawili_Kisauni
Allah awabariki, nimesoma nikalia kidogo wallahi. Mume kesho anapita kwa mwenye nyumba kuchukua maji ya kupima na nimemwambia aulize kama ataturuhusu kufunga gata, bati tushaliona ni jipya. Fundi, simtanki ya lita 1000 yatosha kupikia na kunywa watu wanne mpaka mvua nyengine, ama nitafute kubwa zaidi?

Fundi_Gata_AR
Kunywa na kupika weka kama lita 20 kwa siku, 1000 ni siku 50 tu. Toka masika iishe mpaka vuli ni miezi mitano hivi, chukua ya 3000.