Jirani analima sukuma mpaka kwa mto, mbolea yote inaishia majini. Hii inaruhusiwa kweli?

mama_shamba: Habari zenu wadau. Niko na kaploti huku Kikuyu, chini kidogo ya kinamasi cha Ondiri, na maji ya nyumba natoa kwa kisima. Hapo juu yangu kuna jamaa amekodi shamba, analima sukuma na spinachi mpaka ukingoni, ameacha kama hatua mbili tu. Akishavuna anarusha mbolea ya CAN kwa mkono hivi kama anayelisha kuku, ikinyesha usiku asubuhi hakuna punje imebaki, na pale mto umepunguza kasi kumejaa ule ujani wa utelezi. Kwani hakuna sheria? Na mbona wasiweke kipimo, ekari moja mifuko kadhaa basi?

buda_wa_kangemi: Sheria iko kitambo. Tangu 2006 kanuni za ubora wa maji, zile za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinakataza kulima karibu na mto, ni mita 6 mpaka 30 kila upande, na wanapima kutoka pale mafuriko yaliwahi kufika juu kabisa, si pale maji yako saa hii ya kiangazi. Huyo na hatua zake mbili ako makosa. Shida ni nani atakuja na tepu. Lakini tusidanganyane, huo mto ukifika huku kwetu mbolea ndio kitu kidogo, ni choo tupu.

udongo254: Buda, yeye hanywi maji ya Kangemi, shida yake ni kisima. Naitreti, ile naitrojeni ya CAN inayoyeyuka kwa maji, haishikwi na udongo, inashuka na maji mpaka chini, haina rangi, haina harufu. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa sufuria naitreti inabaki yote, unaikoleza tu. WHO wanasema isizidi miligramu 50 kwa lita, na wa kuumia haraka ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya chupa, damu inashindwa kubeba oksijeni mpaka anakuwa bluu. Mama kama kuna mtoto hapo kwako peleka hayo maji yapimwe kwanza, jirani atangoja. Fosfeti ya DAP, ile mbolea ya kupandia, ni tabia ingine, hiyo inang'ang'ania udongo, inafika mtoni udongo ukibebwa. Ndio maana nyasi za ukingoni zinasaidia.

kahawa_chungu: Hiyo ya kuhesabu mifuko kwa ekari sioni ikiwezekana huku. Ulaya wanayo tangu 1991, samadi isipitishe kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka pale maji yako hatarini, lakini kule mkulima ana rekodi na kuna mtu wa kuzikagua. Hapa mtu ananunua kilo mbili kwa agroveti kwa karatasi ya nailoni, utamhesabia wapi? Na serikali yenyewe ndio ilishusha mfuko wa mbolea ya ruzuku mpaka shilingi 2,500 mwaka 2023, haiwezi geuka iseme punguzeni. Sri Lanka walipiga marufuku mbolea ya kemikali 2021, mwaka haukuisha wakarudi nyuma, wakulima walikuwa wamelia vya kutosha. Mimi ningekaza mambo mawili, umbali na mto, na kutorusha mvua ikinukia. Halafu watu wapime udongo, KALRO, wale wa utafiti wa kilimo, wako hapo Kabete, si kumwaga DAP kila msimu kwa mazoea na udongo ushajaa asidi. Sukuma inataka kidogo kando ya shina, ufunike na udongo, basi.

mama_shamba: Asanteni, mtoto yuko, wa miezi minne, hayo maji nimesimamisha leo leo. Sasa niende NEMA ama kwa chifu? Sitaki vita, huyu ndiye huniuzia mboga.

buda_wa_kangemi: Anza na chama cha watumiaji maji cha huo mto wenu, WRUA, hao huongea na mtu kabla ya barua. Nenda na picha, tepu ionekane. Na mwambie hizo mita apande nyasi za nepia, wenye ng'ombe watanunua, hatapoteza kitu.

udongo254: Na sampuli chukua kwa chupa safi, ifike maabara siku hiyo hiyo ikiwa baridi.