MJADALA: Nje ya ulimwengu kuna kitu, au tunauliza swali lisilo na maana?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila nikiligusa jambo hili nakutana na majibu mawili. La kwanza: "Ulimwengu maana yake ni vyote vilivyopo, kwa hiyo nje yake hakuna kitu, tufunge mjadala." La pili: "Kila kitu kina nje yake, kwa hiyo lazima kuwe na kitu huko." Naona yote mawili yanaufunga mlango kabla mtu hajachungulia, ndiyo maana nalileta hapa.

Tuanze na tofauti ya upeo na ukingo. Aliyewahi kusimama ufukweni akakitazama chombo kikienda zake anaijua vizuri. Mwili wa chombo huzama kwanza, tanga linabaki. Halafu tanga nalo linamezwa kidogokidogo, mpaka inabaki ncha ya mlingoti, kisha maji matupu. Hakuna anayedhani chombo kimefika mwisho wa bahari. Kimefika mwisho wa macho yako. Nahodha aliye kule ana upeo wake mwenyewe, na kwake yeye, wewe ndiye uliyezama.

Juu angani ni hivyohivyo. Nuru huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Nuru iliyoanza safari mbali mno bado iko njiani. Kwa kuwa nafasi yenyewe imekuwa ikitanuka wakati nuru inasafiri, vitu vya mbali kabisa ambavyo nuru yake imetufikia viko leo umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 46, kila upande (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huusafiri kwa mwaka mmoja). Huo ndio upeo wetu. Aliyeko pale kwenye upeo wetu naye ana duara lake la bilioni 46, na sehemu kubwa ya duara hilo sisi hatujaiona hata siku moja. Kwa hiyo "nje" ya kwanza, ile ya kupita tunachokiona, mimi siiiti ndoto. Karibu kwa hakika kule kuna galaksi nyingine, nyota nyingine, na anga inayofanana na hii yetu.

Na kosa la kudhani upeo ni ukuta tumeshalifanya, tena si zamani. Aprili 26, 1920, wanaastronomia wawili, Harlow Shapley na Heber Curtis, walibishana mbele ya wenzao mjini Washington. Shapley alishikilia kwamba Njia Nyeupe, galaksi yetu hii, ndiyo ulimwengu wote, na yale madoa ya nuru yaliyojisokota kama mawingu, yanayoonekana kwa darubini, yamo ndani yake. Curtis akasema kila wingu la namna hiyo ni kisiwa kamili cha nyota, mbali kupita mipaka yetu. Wakaachana bila mshindi.

Oktoba 1923, kwenye kituo cha darubini cha Mount Wilson kule Marekani, mwanaastronomia Edwin Hubble alipiga picha wingu la Andromeda kwenye bamba la kioo. Akaona vidoa vitatu vipya, akaandika herufi N pembeni ya kila kimoja, akidhani ni nova, yaani nyota zilizolipuka ghafla. Alipolinganisha na mabamba ya zamani akagundua kwamba kidoa kimoja kati ya hivyo huwaka na kufifia kwa mpangilio. Akaikata ile N kwa wino, akaandika juu yake VAR!, kifupi cha Kiingereza cha nyota inayobadilika mwanga, na alama ya mshangao ameitia yeye mwenyewe. Nyota za aina hiyo mwanaastronomia Henrietta Leavitt alikuwa ameshazifumbua: kasi ya kuwaka na kufifia inakuambia nyota ina mwanga kiasi gani hasa, na hapo unaupata umbali wake. Hesabu ya Hubble ilitoa miaka ya nuru karibu 900,000. Leo tunajua ni kama milioni 2.5, lakini hata ile ya kwanza ilitosha. Andromeda haikuweza kuwa ndani. "Ulimwengu wote" wa Shapley uligeuka kuwa galaksi moja tu kati ya nyingi.

Nikiitazama ile N iliyokatwa kwa wino najiuliza ni herufi gani sisi tumeiandika leo, ikisubiri kukatwa.

Msimamo wangu basi: kubahatisha kuhusu yaliyo nje ni kazi halali ya akili, na ni kazi ya sayansi pia, mradi ubahatishaji wenyewe ufungwe kamba kwenye kitu kinachopimika. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umezunguka mno. Mimi hoja yangu ni fupi. Mnasema ulimwengu unatanuka. Kitu kikitanuka kinahitaji nafasi ya kutanukia. Puto ukilipuliza linaingia kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo chumba kipo. Tayari tumepata jibu.

Mleta mada

Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na mfano wa puto umeipa nguvu isiyostahili. Kutanuka kwa ulimwengu si ukingo unaosogea mbele na kumeza eneo jipya. Kinachopimwa ni kwamba umbali kati ya makundi ya galaksi unaongezeka, kila mahali kwa pamoja. Umbali ukikua ndani, hesabu haidai kitu chochote nje.

Naelewa kwa nini akili inakataa. Jaribu hivi. Chukua mpira na kalamu. Anzia juu kabisa, shuka mstari ulionyooka mpaka katikati ya mpira, kata kona ya mraba, fuata mzingo robo ya mzunguko, kata kona ya mraba tena, rudi juu. Umechora pembetatu yenye pembe tatu za nyuzi 90. Jumla 270, wakati kwenye karatasi bapa pembetatu haizidi 180. Sisimizi anayetembea juu ya mpira huo akizipima hizo pembe atajua kwamba anaishi juu ya kitu kilichopinda, na hajawahi kuruka nje akakiangalia. Umbo la mahali linasomeka kutoka ndani.

Pembetatu hiyo imepimwa angani. Kuna joto lililobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Arno Penzias na Robert Wilson walilinasa mwaka 1964 kwa antena yao kama mvumo usioisha, kutoka kila upande. Joto hilo halilingani kabisa. Lina madoa yanayotofautiana kwa kiasi cha sehemu moja katika laki moja. Ukubwa halisi wa madoa hayo fizikia inautabiri, umbali wake tunaujua, kwa hiyo kinachobaki ni kuangalia yanaonekana mapana kiasi gani. Yanaonekana ya takriban nyuzi 1, kama miezi mpevu miwili ikikaa ubavu kwa ubavu. Huo ndio upana unaotarajiwa kama nafasi ni bapa. Satelaiti ya Planck, iliyorushwa 2009 kulipima joto hilo, ililithibitisha jambo hili kwa usahihi mkubwa.

Maana yake kwa mjadala huu: kama nafasi imejikunja kama mpira na kujirudia, basi mkunjo wake ni mdogo mno, na kizima chake ni kikubwa mara nyingi kuliko kipande tunachokiona. Kama haikujikunja, huenda haina mwisho. Kwa vyovyote vile ukingo haujaonekana popote. Hicho chumba cha puto lako, mkuu, kinaweza kuwepo, lakini kutanuka peke yake hakukithibitishi.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, mimi nasema haya ni mambo ya ghaibu. Binadamu amepewa elimu kidogo. Kuna mipaka ambayo kuivuka ni kiburi, na aliyeumba ndiye ajuaye kilichoko nyuma ya uumbaji wake. Nashauri tumuachie.

Mleta mada

Nakuheshimu, na sitaki mjadala ugeuke kuwa wa dini dhidi ya darubini. Ila waumini wenyewe hawakuwahi kuliacha swali hili. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alisema mawazo yetu hayawezi kuukubali mwili wenye kikomo bila kuwazia kitu nyuma yake, na akasema huo ni udhaifu wa kuwaza, si ushahidi kwamba kitu hicho kipo. Hilo ni jibu tosha kwa ndugu wa puto, limetolewa karne nyingi kabla ya Planck. Fakhr al-Din al-Razi, karne moja hivi baadaye, akahoji kinyume chake: Mwenyezi Mungu hashindwi kuumba malimwengu elfu na elfu zaidi ya huu wetu, na hoja za wanafalsafa za kuthibitisha kwamba uko mmoja tu aliziona dhaifu. Na kabla yao wote Augustine, askofu wa Kikristo, alishasema wakati wenyewe uliumbwa pamoja na ulimwengu, kwa hiyo kuuliza "kabla yake" ni kuuliza kitu kisichokuwepo. Hao wote walikuwa wanyenyekevu mbele ya Mola wao, na waliuliza. Kwangu mimi unyenyekevu ni kukubali jibu usilolipenda.

Mchangiaji wa tatu

Mbona mnasumbuka wakati jibu liko wazi? Wanasayansi wameshathibitisha malimwengu mengi. Mfumuko wa mwanzo ulizalisha mapovu yasiyo na idadi, na sisi tumo kwenye povu moja. Na kuna nakala zenu huko zinajadili mada hii hii.

Mchangiaji wa nne

Hapana. Neno "wameshathibitisha" lifutwe.

Mwanafizikia Alan Guth alipendekeza mfumuko mwanzoni mwa miaka ya 1980: kwamba katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza nafasi ilitanuka kwa kasi ya kutisha. Wazo hilo linaeleza mambo mengi tunayoyapima, ikiwemo huo ubapa uliotajwa. Baadaye Alexander Vilenkin na Andrei Linde wakaonyesha kwamba katika aina nyingi za mfumuko, kazi hiyo haikomi kila mahali kwa pamoja. Inakoma hapa, inaendelea pale, na kila inapokoma kunazaliwa povu. Hiyo ni hesabu inayofuata kutoka kwenye dhana. Haijathibitishwa. Ikiwa povu jingine liligongana na letu zamani, lingeacha alama ya mviringo kwenye lile joto la zamani. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya kuzitafuta alama hizo kwenye data ya WMAP, satelaiti iliyolipima joto hilo kabla ya Planck. Hawakupata ushahidi wa kutosha.

Na hapa nampinga mleta mada pia. Mwaka 2014 wanasayansi George Ellis na Joe Silk waliandika kwenye jarida la Nature kwamba kuna hatari kubwa tukianza kuzikubali nadharia kwa uzuri wake huku hazipimiki. Wako sahihi. Kama povu jingine haliwezi kunigusa, kunitumia nuru, wala kuvuta chochote nilicho nacho, basi kulikubali na kulikataa kunaniacha palepale. Ukiruhusu hilo moja, utamzuiaje anayekuja na lolote?

Mleta mada

Hii ndiyo hoja niliyokuwa naingojea. Nakubaliana nawe kuhusu "wameshathibitisha": mpaka sasa malimwengu mengi ni dai, na anayeliuza kama habari iliyokwisha anawadanganya wasomaji. Nisipokubaliana ni pale unaposema kisichotugusa tukiache.

Mwaka 1835 mwanafalsafa Auguste Comte aliandika kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimeundwa kwa kemikali gani. Alionekana mwenye busara, maana nani angeenda kuchota? Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff, akifanya kazi na Robert Bunsen, akaonyesha kwamba mistari myeusi kwenye nuru ya jua ni saini za elementi. Heliamu ilisomwa kwenye nuru ya jua mwaka 1868, ikapatikana hapa duniani 1895. Comte hakujua kwamba ile nuru iliyomfikia kila siku tayari ilikuwa imebeba jibu.

Halafu geuza saa mbele. Mwaka 1998 iligundulika kwamba utanukaji unaongeza kasi. Ukiendelea hivyo, baada ya miaka trilioni 1 galaksi zote nje ya kundi letu zitakuwa zimepita upeo, na lile joto la zamani litakuwa limenyooshwa mpaka halipimiki tena. Wanaastronomia wa wakati huo wataangalia juu na kuona kisiwa kimoja cha nyota, pembeni giza. Watakuwa na vifaa bora na nia njema, na watahitimisha alichohitimisha Shapley. Mmoja wao akisimama na kusema "huenda kuna galaksi nyingine tusizoziona", kanuni yako itamwambia akae chini. Na yeye ndiye atakayekuwa amesema kweli. Utamjibu nini?

Mchangiaji wa nne

Nitamwambia atafute nyota inayokimbia.

Siropoki. Zipo nyota zinazorushwa nje ya galaksi kwa kasi kubwa, zimeshaonekana. Mwaka 2011 mwanaastronomia Abraham Loeb alieleza kwamba hata katika giza hilo la miaka trilioni 1, nyota iliyorushwa itafika mbali, itoke kwenye mvuto wa galaksi, ianze kuchukuliwa na utanukaji. Wakiipima mwendo wake watagundua kwamba nafasi inatanuka, na kutoka hapo wataweza kurudisha hesabu nyuma. Kwa hiyo yule jamaa yako simwambii akae chini. Namwambia: unachodai kina alama moja imebaki, ile pale, ielekeze darubini.

Comte alikosea kwa sababu nuru ilikuwepo. Wewe upande wa mapovu unayo nini? Nitajie alama moja ambayo ikikosekana utakubali kwamba hayapo, nami nitahamia upande wako leo.

Mleta mada

Ya kuwaondoa wote sina. Ninayo ya kuuvunja mfumuko unaowazaa: mkunjo. Tukiupima vizuri kuliko Planck na kukuta nafasi imejikunja kama mpira, hata kwa kiasi kidogo, ubashiri wa mfumuko usiokoma unaingia matatani vibaya, na mimi nitaiandika N yangu na kuikata mwenyewe. Nipe vipimo hivyo kwanza. Wewe utasemaje vikitoka bapa tena?